UZI: Kufuga asidiani nyumbani hapa Dar. Njaa ndiyo inayowaua, si maji machafu

Mzee wa Madumu

Wakuu, habari za jioni.

Kila mtu akiuliza asidiani humu anajibiwa "hao hawafugiki, tafuta samaki". Nimeona niwafungulie uzi wao. Wanafugika. Ila ukiwafuga kama samaki wa mapambo utawatoa mmoja mmoja na koleo.

Kwa wasiowajua: ni vile vifuko laini vinavyong'ang'ania chini ya mawe, kwenye kamba za maboya, kwenye mizizi ya mikoko na matumboni mwa boti zilizokaa sana majini. Vingine vyeusi tii, vingine rangi ya chungwa, vingine unaona hadi ndani. Kila kimoja kina midomo miwili, na ukikibonyeza kinakurushia maji usoni. Wengi hudhani ni sponji au mwani. Ni mnyama kamili, ana moyo, utumbo na misuli. Moyo wake ni kituko: unasukuma damu upande mmoja, unasimama kidogo, kisha unasukuma kurudi ulikotoka. Ukipata wale wanaong'aa kama glasi na tochi nzuri utauona kwa macho yako.

Sasa shughuli yenyewe. Mdomo mmoja unavuta maji, wa pili unayatoa. Katikati kuna kikapu chenye mamia ya vitundu, kimetandwa na utando wa ute. Maji yanapita, chembe zinanasa, ute unaviringishwa na kumezwa. Hana meno, hawindi, hasogei. Anachokula ni kile tu kinachoelea, na kiwe kidogo mno: mwani wa chembe moja, bakteria, vumbi hai la baharini. Tunazungumzia mikroni moja hadi makumi kadhaa, na mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Chakula chako cha samaki cha kopo kwake ni magogo.

Na anachuja kwelikweli. Asidiani mkubwa anaweza kupitisha lita kadhaa za maji kwa saa. Weka watatu wa hivyo kwenye tangi la lita 60 asubuhi. Ukirudi kazini jioni maji yote yameshapita kwenye vikapu vyao. Baada ya hapo wanachuja maji matupu.

Halafu angalia sisi tunavyojenga matangi. Kuna mashine ya povu inayotoa uchafu wote, kuna sponji, kuna mkaa, wengine wameweka na taa ya kuua vijidudu. Hivyo vyote kazi yake ni kuondoa chakula cha asidiani. Tangi linang'aa, mwenye nyumba anapiga picha za kuringia, na asidiani anasinyaa. Hafi ghafla. Anajila mwenyewe taratibu kwa wiki nyingi, anapungua, ngozi inafifia, mwani unaanza kuota juu yake, siku moja midomo haifunguki. Mwenye tangi anasema "maji yalichafuka". Aliyekuwa na maji machafu kidogo ndiye wake yupo hai mpaka leo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: asidiani apewe tangi lake. Dogo, lita 60 hadi 100, lililokaa miezi likiwa na mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye bakteria wanaosafisha maji, amonia sifuri. Mashine ya povu usiweke, au iwe na swichi ya kuzima wakati wa kulisha na saa kadhaa baada yake. Mwanga hafifu unawatosha wengi wao, tena wanaupenda zaidi. Mkondo wa maji uwe wa wastani, unaopita bila kuwapiga. Kitatange na kikande wasikaribie, watawadonoa. Kaa vilevile.

Ushauri wa pili nitauandika nikimaliza kula. Karibuni.

Kijana wa Mbagala

Mzee umetisha. Nimekaa mkao wa kula.

Swali moja kabla hujaendelea. Kisima chetu cha nyumbani kina maji ya chumvi, chai haipikiki. Siwezi kutumia hayo badala ya kubeba madumu kutoka Kigamboni? Nikiyaonja naona bado hayajafikia bahari, naweza kuongeza chumvi ya mawe.

Mzee wa Madumu

Hapana kijana wangu, na nakuomba usijaribu.

Chumvi ya kisima si chumvi ya bahari. Uwiano wa madini yake unatokana na miamba na udongo yalikopita, na visima vya mjini vilivyo jirani na mashimo ya vyoo huwa na naitreti ya kutosha. Chumvi ya mawe nayo imetoka baharini kweli, lakini haijabeba bahari nzima. Maji yakianikwa kwenye mashamba ya chumvi, jasi inashuka kwanza na kalsiamu yake, ndipo chumvi ya kula inaganda, na magnesiamu na potasiamu nyingi zinabaki kwenye yale maji machungu ya mwisho yanayomwagwa. Ukiiyeyusha tena unapata maji ya kupikia muhogo.

Tunaishi Dar, bahari ipo pale. Watu wa Ulaya walio mbali na pwani wananunua chumvi maalumu kwa kilo. Sisi tunahitaji madumu safi tu, na safi maana yake halijawahi kubeba mafuta, dawa ya shamba wala sabuni. Lita 35 za maji zibebe takriban kilo moja na robo ya chumvi, yaani gramu 34 au 35 kwa lita, ndiyo bahari ya kawaida. Tafuta refraktomita, kile kipimo cha chumvi, usiamini ulimi.

Chota maji yakiwa yamejaa, si yakiwa yanakupwa. Yanapokupwa yanarudi na kila kilichooshwa ufukweni na mitaroni. Na uchote mbali na mdomo wa mto Msimbazi na mbali na bandari. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, baada ya mvua kubwa subiri siku kadhaa: maji ya juu yanakuwa yamepungua chumvi na yamebeba jiji zima. Ukiweza kumpa kijana wa ngalawa madumu akachote mkondoni, huko nje maji yalipo ya bluu, umemaliza kazi.

Mbeya Baridi

Niko nyanda za juu huku, bahari naiona kwenye simu, lakini huu uzi nimeupenda bure.

Nilisoma mahali kwamba hawa viumbe wakiwa wadogo wanaogelea na wana ubongo, wakishapata pa kukaa wanakula ubongo wao wenyewe. Nikawakumbuka waheshimiwa fulani wakishapata jimbo.

Fundi Pampu

😂😂 Mods msifute hii.

Dada Kunduchi

Siasa kuna jukwaa lake jamani. Ila hadithi hiyo imekuzwa kidogo, ngoja niiweke sawa.

Kiluwiluwi cha asidiani kinafanana na kiluwiluwi cha chura. Kina mkia, na ndani ya mkia kuna uti mwororo, ule ule unaotangulia uti wa mgongo kwa mtoto wa binadamu tumboni. Alexander Kowalevsky, Mrusi, ndiye aliyeonyesha hilo mwaka 1866, na watu wakashtuka, maana hadi hapo asidiani walikuwa wakihesabiwa pamoja na kome na chaza. Kwa hiyo huyo mnayemwona kama kifuko cha ute ni ndugu yetu wa karibu kuliko kamba, pweza au kaa.

Kiluwiluwi hakili kabisa. Kinaogelea saa chache, kwa wengine siku moja au zaidi kidogo, kinatafuta kivuli, kinagandisha kichwa kwenye jiwe, mkia unanyonywa ndani. Mfumo wa fahamu wa utotoni unavunjwa na kutumika kama malighafi, lakini anajenga mwingine mdogo kati ya midomo miwili. Ndiyo maana ukipitisha mkono juu ya tangi anafunga midomo. Hana mengi ya kufikiri, ila hajabaki mtupu.

Mzee, endelea. Lakini kabla hujafika kwenye namna ya kuwapata, nakuomba uwaambie watu wasikimbilie kisiwa cha Mbudya na nyundo.

Mzee wa Madumu

Dada Kunduchi ahsante, ndiko nilikokuwa nakwenda.

Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975, na kuna sheria ya hifadhi za bahari ya 1994 juu yake. Hutoi jiwe, hutoi kombe, hutoi asidiani. Nje ya hapo pia usijifanyie tu, kuna afisa uvuvi na kuna BMU, kile kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi, ya pwani yenu. Nenda ukaongee nao, wengi wao wanaelewa ukieleza vizuri.

Lakini hata sheria isingekuwepo, ningekwambia usichume. Asidiani akibanduliwa jiweni ngozi ya chini inachanika, anaoza, na anapooza kwenye tangi dogo anachafua maji kwa usiku mmoja. Wengine wana sumu ya kujilinda. Wale weusi wanaoitwa Phallusia nigra wana vijifuko vya asidi kwenye ngozi. Mtu anambandua kwa kisu, anamtia kwenye ndoo moja na samaki aliyenunua, halafu anashangaa samaki amegeuka tumbo juu kabla hajavuka Ferry.

Njia ninayoipenda ni kuwaacha waje wenyewe. Chukua kigae cha sakafu, kile kisichopakwa rangi upande wa chini, au kipande cha plastiki ngumu ukikwaruze kwa msasa. Toboa matundu mawili, funga kamba, king'inize mita moja au mbili chini ya gati linaloelea au boti inayolala majini, kwa ruhusa ya mwenyewe. Upande wa kukwaruza uangalie chini, kwa sababu viluwiluwi wanatafuta kivuli. Kiache wiki kadhaa. Ukikipandisha utakuta kuna minyoo ya mirija, vikombe vile vikali vinavyokata miguu, sponji, na katikati yao asidiani wachanga kwa wazee. Hakuna aliyebanduliwa, na kigae kizima kinahamia kwenye tangi.

Wanapohamia wasione hewa. Wakitolewa majini wanavuta hewa kwenye kikapu, na wengine hawaifukuzi tena. Ndoo inaingia majini, kigae kinaingia kwenye ndoo, vyote vinapanda pamoja. Ukifika nyumbani dondosha maji ya tangi kwenye ndoo kwa mpira mwembamba kwa saa moja na zaidi mpaka chumvi na joto vilingane. Chunguza kigae vizuri: koa wa baharini na minyoo bapa wapo wanaokula asidiani peke yake, na ukiwapeleka nyumbani umewapelekea bufee.

Nahodha Mstaafu

Mimi nimewakwangua hawa miaka mingi na sikujua kuna watu wanawatafuta. Dunia haiishi vituko.

Chombo kikikaa maji bila kupandishwa, tumbo lote linajaa hao, kinakuwa kizito, hakishiki upepo. Zamani tulikuwa tunapandisha jahazi bamvua likijaa, linakaa juu ya mchanga maji yakikupwa, tunakwangua, tunapiga moto wa makuti, tunapaka deheni. Siku hizi rangi za kopo zinazozuia uchafu. Hizo rangi ninyi wafugaji mziangalie. Nyingi zina shaba ndani, na kazi ya hiyo shaba ni kuua hao hao mnaowataka.

Mzee wa Madumu

Shikamoo Nahodha. Hilo la shaba ni kubwa, na nilikuwa sijaligusa. Kigae kisining'inizwe chini ya boti iliyotoka kupakwa rangi mpya. Na kwenye tangi, dawa za samaki zenye shaba, zile za kutibu madoa meupe, hazitakiwi hata tone. Zikishaingia kwenye mawe haziishi leo wala kesho.

Fundi Pampu

Hapohapo kwenye shaba niongezee. Kuna watu wanakinga maji ya kiyoyozi wanayatumia kufidia yanayokauka kwenye tangi kwa sababu "ni kama maji ya mvua". Yale maji yametiririka kwenye mabomba ya shaba na mapezi ya alumini yenye kutu na vumbi. Msitumie. Maji ya bomba nayo yana klorini, yatibiwe. La uhakika ni maji yaliyochujwa kwa ile mashine ya utando, au yaliyotoneshwa. Na mkienda kununua kituo cha mafuta hakikisheni ni maji ya betri yasiyo na tindikali. Yale makali yanauzwa rafu moja nayo.

Suala la joto. Bahari yetu Agosti inakuwa nyuzi 25 hivi, Machi inafika 29 au 30. Tangi lililopo sebuleni chini ya bati, Februari saa tisa mchana, linapita hapo bila shida. Asidiani wa huku wamezoea joto kuliko wa Ulaya, lakini maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo. Feni ndogo ipulize juu ya maji, inashusha nyuzi mbili hivi, siku za unyevu mwingi pungufu ya hapo. Feni inakausha maji, chumvi inapanda, kwa hiyo kila siku unaongeza maji baridi yasiyo na chumvi. Namaanisha maji matamu, si ya friji.

Umeme ukikatika usiku ndipo watu wanapolia. Pampu ya hewa ya betri, ile inayowaka yenyewe umeme ukizima, inatosha kuvusha asidiani saa nyingi. Hawahitaji taa, wanahitaji maji yatembee. Mwenye sola ndogo na betri afunge pampu huko kabisa.

La mwisho na naliandika kwa herufi kubwa: DAWA YA MBU. Mnapuliza chumba kizima jioni, na pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba hicho inaisukumia ndani ya maji. Sumu za aina hiyo zinaua samaki na kamba haraka sana. Tumieni neti.

Kijana wa Mbagala

Fundi unaishi kwangu? Pampu ipo chini ya kitanda na dawa tunapuliza kila siku saa kumi na mbili jioni. Leo leo naihamisha.

Binti Upanga

Wakuu naombeni msaada. Duka moja, jina nalihifadhi, waliniuzia jiwe lenye vile vya kijani na nyeupe kama vyungu vidogo vyenye mdomo mmoja mkubwa juu. Waliniambia havihitaji kulishwa kwa sababu vinakula mwanga. Tangi langu lina taa kali, maji nimepima yote safi, lakini vinapungua. Vilikuwa kama ishirini na kitu, vimebaki vichache na vinateleza kutoka kwenye jiwe. Tatizo nini?

Dada Kunduchi

Pole mdogo wangu. Kwa maelezo yako hao ni Didemnum molle au jamaa zao. Kila "chungu" ni koloni: mamia ya wanyama wadogo wamejipanga ukutani, kila mmoja ana kimdomo chake cha kuvutia maji kwa nje, na wote wanatolea maji kwenye lile tundu kubwa la juu. Ile kijani ya ndani ni bakteria anayeitwa Prochloron, anayetengeneza chakula kwa mwanga kama majani yafanyavyo.

Muuzaji amekwambia nusu. Mwanga wanauhitaji, ndiyo, tofauti na asidiani wengi. Lakini mwanga pekee hauwatoshi, bado wanachuja. Na hawa wanateleza kweli hata baharini, wanahama taratibu na kujigawa, kwa hiyo kuteleza si dalili ya kifo. Kupungua ndiyo dalili. Zima mashine ya povu, anza kuwalisha leo, na usiwahamishe hamishe.

Mzee wa Madumu

Nakazia. Na niseme wazi, mimi hao siwashauri kwa mtu yeyote anayeanza. Wanapendeza mno na ni kati ya wagumu kabisa. Wale wa zambarau na manjano wenye madoadoa, Polycarpa aurata, wanaotoka Indonesia na Ufilipino na kujaa kwenye picha za mitandaoni, nao hivyohivyo: wanafika wakiwa na njaa ya safari, wanaishi kwa akiba yao mwilini, mnunuzi anadhani mambo mazuri. Mchukue huyu wa kahawia asiye na sura aliyekuja mwenyewe kwenye kigae. Ameshazoea maji ya pwani yenye vumbi, hana makuu.

Binti, tuzungumze chakula. Hapa ndipo penyewe.

Chakula cha asidiani ni maji ya kijani, yaani mwani wa chembe moja uliokuzwa kwenye chupa. Wanaotumika sana duniani ni Nannochloropsis, mdogo wa mikroni 2 hadi 4, na Isochrysis aliye mkubwa kidogo. Ukiweza kupata mbegu safi ya mmojawapo kwa mtu anayekuza vifaranga vya samaki wa baharini, hiyo ni hazina. Wape wawili tofauti kama unaweza, mmoja peke yake hautoshelezi lishe kwa muda mrefu.

Chupa za maji za lita moja na nusu zinatosha. Maji ya bahari yachuje kwa kitambaa kizito, yachemshe kidogo au yatie klorini halafu uiondoe, yapoe. Weka mbegu robo ya chupa. Weka mbolea. Ya wataalamu inaitwa f/2, ina naitreti, fosfeti, chuma, madini mengine kidogo na vitamini za kundi B. Mbolea ya bustani inaweza kukuza, lakini ile yenye yuria na amonia usiizidishe, maana kinachobaki kwenye chupa kitaingia kwenye tangi. Mrija wa hewa uingie mpaka chini, mapovu yapande taratibu bila kelele. Taa nyeupe ya kawaida kando yake iwake kwa muda wa saa 12 hadi 16 kwa siku. Usiweke juani hapa Dar, chupa itapikika.

Baada ya wiki moja hivi kijani inakolea hadi huoni kidole nyuma ya chupa. Unamwaga nusu kwenye chupa safi inayokwenda friji, na ile nusu unaijaza maji mapya na mbolea. Kila mara uwe na chupa zaidi ya moja kwa sababu kuna siku moja itageuka njano au itanuka. Ikinuka, mwaga, usijiulize. Ya friji itikise kila siku, inadumu wiki kadhaa.

Kulisha: kidogo kidogo mara nyingi. Wengine wanafunga mrija wa dripu unaodondosha kutwa nzima, ndiyo njia nzuri kuliko zote. Ukimwaga nusu chupa kwa mpigo, asidiani anajaa, anafunga, anatema, na kilichobaki kinaoza. Nia ni maji yapate ukungu mwepesi wa kijani, halafu baada ya saa chache yawe meupe tena. Yakiwa meupe haraka, ongeza kesho. Yakibaki kijani hadi asubuhi, umezidisha au wanyama wako hawali, na hapo ndipo unatakiwa uwe na wasiwasi.

Na usisahau kwamba bahari yenyewe ni supu. Maji ya kubadilisha nayahifadhi gizani ili yatulie, lakini dumu moja la maji mabichi yaliyochotwa asubuhi ile ile nalipitisha kwenye kitambaa chepesi tu kuzuia takataka na linaingia likiwa na uhai wake. Asilimia 10 hadi 20 ya tangi kila wiki. Mtu wa Dodoma hawezi kufanya hivyo. Sisi tunaweza.

Mbeya Baridi

Hamira je? Ni chembechembe ndogo, na ipo duka la Mangi.

Mzee wa Madumu

Hamira ndogo ni kweli, na wataichuja. Lakini lishe yake kwa hawa ni duni na inachafua maji haraka ajabu. Unga wa spirulina nao unashuka chini kabla haujaliwa, labda kwa dharura ya siku mbili. Kijani hai kinaelea na kinaendelea kuishi mpaka kimezwe.

Chaza wa Tandika

Jamani mimi nina swali moja tu la msingi. Wanaliwa? Na je ni kweli wanaongeza nguvu za kiume?

Fundi Pampu

Nilijua utakuja.

Dada Kunduchi

Wanaliwa, lakini si wa hapa. Wakorea na Wajapani wanakula Halocynthia roretzi, wengine mbichi kabisa, na Wachile wana wao anaitwa piure. Hao wanatoka maji yanayofahamika. Mnyama anayechuja kutwa kucha anakusanya kila kilichomo majini, na baadhi yao wanakusanya hata metali iitwayo vanadiamu kwenye damu kwa kiwango cha ajabu, jambo lililogunduliwa Naples mwaka 1911. Wa chini ya gati la Dar mwache alivyo.

Nguvu za kiume hakuna. Dawa ipo, ila ya saratani: trabektedini, asili yake ni asidiani wa kwenye mizizi ya mikoko ya Karibiani, iliruhusiwa Ulaya mwaka 2007 kwa aina fulani za saratani ya tishu laini. Sasa hivi inatengenezwa maabara. Usiende kuchemsha kitu.

Na mwenye tangi akichoka kufuga asirudishe chochote baharini, hasa kilichotoka nje ya nchi. Viluwiluwi wanaogelea muda mfupi tu, hawafiki mbali wenyewe. Wamesambazwa duniani na matumbo ya meli. Kuna sehemu kama New Zealand asidiani wageni wamefunika mashamba ya kome. Kigae kikikuchosha kianike juani kikauke kabisa.

Binti Upanga

Ahsanteni sana. Mashine ya povu nimeizima tangu jana na nimetumia maji mabichi kama Mzee alivyosema, nimeletewa kutoka Kigamboni. Naona vile vyungu vilivyobaki midomo imefunguka kuliko awali, sijui kama ni macho yangu. Nitajuaje kwa uhakika kwamba wanashiba?

Mzee wa Madumu

Macho yako yako sawa, ila usishangilie mapema. Midomo wazi, na akiguswa anafunga kwa haraka: mzima. Piga picha ukiweka rula pembeni kila wiki. Ukubwa ndio ushahidi. Wakibaki vilevile kwa miezi, wanakula. Na hata ukifanya yote sawasawa, wengi wao umri wao ni mwaka mmoja au miwili. Baadhi ya koloni wanasinyaa msimu fulani wakaonekana wamekufa kisha wakachipua tena, kwa hiyo jiwe usilitupe upesi, linuse kwanza.

Kijana wa Mbagala

Mzee, mimi nimeshaamua. Tangi ninalo la lita 80, pampu imehama, madumu nimeosha. Kilichobaki ni pa kuning'iniza kigae. Sina boti wala simjui mwenye boti.

Nahodha Mstaafu

Kuna mashua ya mjomba wangu inalala Msasani, haijapakwa rangi tangu mwaka juzi na haitapakwa karibuni, namjua. Njoo nikupeleke kwa watu wa BMU kwanza useme shida yako, kisha tufunge hicho kigae. Uje maji mafu, mkondo si mkali. Na kije kimetobolewa tayari, huku hatuna drili.